Theluthi moja kutoka San Jose

Ilikuwa saa tano na nusu usiku, tarehe ya mwisho ya mwezi, na ripoti ya kamisheni za mawakala ilikuwa inazunguka tangu saa mbili. Siku zote ripoti ile ilichukua dakika nne. Nilikuwa naianzisha, nakwenda kumimina chai, narudi imemaliza. Usiku ule nilikunywa vikombe vitatu, nikala na nusu ya mkate wa mlinzi, na kile kiduara kwenye skrini bado kinazunguka kama pia.

Mawakala walitakiwa walipwe asubuhi. Bosi alishapiga simu mara tatu. Ya kwanza aliniita "kaka", ya pili akaniita kwa jina, ya tatu hakuniita chochote.

Nikampigia dada mmoja aliyenifundisha kazi hii, ambaye wakati huo alikuwa likizo kwao Morogoro. Nilimweleza mbio mbio: seva iko hai, diski haijajaa, programu haijaguswa, swali tunaloiuliza kanzidata (ghala letu la data) ni lile lile la mwezi uliopita, neno kwa neno. Akanyamaza kidogo. Nikasikia vyura upande wake. Kisha akauliza:

"Mdogo wangu, takwimu mmesasisha lini mara ya mwisho?"

Sikumwelewa. Nilidhani anaulizia takwimu za mauzo.

"Za jedwali, wewe. Si juzi juzi mlimwaga humo data za mikoa mipya?"

Tulikuwa tumemwaga, ndiyo.

"Basi huyo mpangaji wenu anadhani jedwali bado lina watu mia tatu. Mwambie ahesabu upya, halafu mkalale."

Niliandika amri moja fupi, nikasubiri kama dakika mbili, nikaiua ile ripoti na kuianzisha tena. Ilimaliza kabla sijalifikia birika.

Furaha nilikuwa nayo, lakini zaidi niliona aibu, na siku zilizofuata aibu ikageuka udadisi. Mashine inayofanya mahesabu mabilioni kwa sekunde inakuwaje haijui jedwali lake lenyewe lina mistari mingapi? Na huyo mpangaji ni nani? (Siyo yule wa kudaiwa kodi ya miezi sita mbele. Huyu hapangi nyumba, hupanga njia. Unapoiuliza kanzidata swali, yeye ndiye anayeamua ianze jedwali gani, ipitie faharasa ipi, yaani ile orodha ya kuonyesha mstari upi uko wapi, iunganishe nini na nini kwanza.) Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka sita bila kujua kwamba yupo, kama mtu anayekula kwa mama ntilie kila siku na hajawahi kuchungulia jikoni.

Kumbe kuna wakati hakuwepo kabisa, na kazi yake ilifanywa na binadamu.

Mwaka 1966 kampuni ya IBM, ikishirikiana na Rockwell na Caterpillar, ilianza kutengeneza mfumo wa kutunza orodha ya vipuri vya Saturn V, roketi iliyokuja kuwapeleka watu mwezini. Mfumo huo ukaitwa IMS. Data zake zilikaa kama mti uliopinduliwa: kitu kizima juu, chini yake sehemu kubwa, chini ya hizo sehemu ndogo, mpaka ufike kwenye skrubu. Ukiuliza "injini hii ina vipuri gani", unashuka tawi moja na kazi imekwisha. Ukiuliza "skrubu hii inatumika wapi kwingine", umeingia porini. Inabidi uupande mti mzima, tawi baada ya tawi, na programu ya kufanya hivyo uiandike mwenyewe hatua kwa hatua: nenda kwa mtoto wa kwanza, kisha kwa ndugu yake, rudi kwa mzazi, angalia kama umefika mwisho.

Wengine walikuwa wameshachukua njia nyingine. Charles Bachman, akiwa General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1960, alibuni mfumo wa IDS, ambao rekodi moja iliweza kushikana na nyingine nyingi kwa viungo, mithili ya wavu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya fani ya kompyuta, mwaka 1973, na katika hotuba yake ya kuipokea alimfananisha mwandishi wa programu na rubani anayeongoza chombo ndani ya bahari ya data. Ni picha nzuri, na kwa mtu wa pwani inaeleweka hata bila maelezo: rubani ni yule anayejua mwamba uko wapi, mkondo unavuta upande gani, mlango wa bandari ni upi. Lakini picha hiyo ina kasoro yake. Bahari ikibadilika, marubani wote wanapaswa kujifunza upya. Siku mtu akipanga upya data ndani ya diski ili mambo yaende kasi, programu zote zilizokariri njia za zamani zinagonga mwamba.

Aliyesema kwamba watu wasilazimishwe kuwa marubani alikuwa yeye mwenyewe rubani, wa ndege. Edgar Codd, Mwingereza aliyezaliwa 1923 kwenye kisiwa cha Portland, alirusha ndege za jeshi la anga la Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kisha akavuka kwenda Marekani na kuajiriwa na IBM mwaka 1948. Alisoma hesabu Oxford, na shahada ya udaktari aliichukua Michigan mwaka 1965, akiwa na umri ambao wengi wetu tunakuwa tumeshaacha hata kusoma barua pepe ndefu. Kutoka hapo akahamia maabara ya IBM ya San Jose, California. Mwezi Juni 1970 alichapisha makala ya kurasa kumi na moja ambayo sentensi yake ya kwanza inatoa madai mazito kwa sauti tulivu: watumiaji wa benki kubwa za data lazima wakingwe, wasilazimike kujua data zimepangwaje ndani ya mashine.

Nilitarajia makala ile iwe ukuta wa alama za hesabu. Alama zipo, lakini kabla ya kuzifikia anaanza na mfano ambao hata karani wa stoo angeuelewa. Kuna vipuri na kuna miradi. Anaonyesha njia tano tofauti za kuvipanga kwa miti: kipuri juu na mradi chini yake, mradi juu na kipuri chini, na kadhalika. Halafu anauliza jambo dogo tu: nichapie namba ya kila kipuri, jina lake na idadi, kwa vipuri vyote vinavyotumika kwenye mradi uitwao alfa. Hakuna programu moja itakayofanya kazi kwenye mipango yote mitano. Swali ni lile lile, data ni zile zile, majibu ni yale yale, ila programu inavunjika kwa sababu mtu kasogeza fanicha.

Dawa yake ilikuwa kuondoa njia kwenye swali. Kila kitu kikae kwenye majedwali, mistari isiwe na mpangilio wowote wa kutegemewa, na uhusiano kati ya jedwali na jedwali uonekane kwa thamani zilizomo, siyo kwa kiungo kilichofichwa chini. Unataja unachokitaka. Jinsi ya kukipata siyo kazi yako.

Don Chamberlin, kijana wa IBM wakati huo ambaye alikuwa ameshaizoea mifumo ya viungo, amesimulia jinsi alivyohudhuria semina ya Codd. Maswali ambayo yeye angeyaandikia programu ya kurasa tano, ya kupita kwenye vichochoro vya viungo, Codd aliyaandika kwa mstari mmoja mmoja. Mfano wenyewe umekuwa wimbo kwa kila aliyesomea fani hii: nitajie wafanyakazi wanaopokea mshahara mkubwa kuliko meneja wao. Mwaka 1974 Chamberlin na mwenzake Ray Boyce walitoa lugha ya kuuliza maswali hayo kwa maneno badala ya alama, wakaiita SEQUEL. Boyce alifariki mwaka huo huo, angali kijana. Jina baadaye lilikatwa na kuwa SQL kwa sababu kampuni moja ya Uingereza ya kutengeneza ndege ilikuwa imeshalisajili. Ndiyo maana mpaka leo nusu ya ofisi wanatamka hivi na nusu vile, na kila upande unauona mwingine haujasoma.

Haya yote kwenye karatasi yalipendeza. Kilichobaki ni lile swali ambalo wahandisi wa upande wa pili walilirusha kila walipokutana, na walikutana uso kwa uso Ann Arbor mwaka 1974, Codd upande mmoja na Bachman upande mwingine. Kama mtumiaji hasemi njia, nani anaichagua? Binadamu mjuzi anayeijua data yake atachagua njia fupi. Mashine itachagua vipi? Ikichagua vibaya, swali la sekunde moja litakuwa la saa tatu.

Mimi niliyekaa saa tatu na nusu nikikitazama kiduara, siwezi kuwacheka.

Na hapa ndipo watu wa modeli na watu wa kasi wanapokutana. Ukisoma historia kwa haraka utadhani ni makabila mawili: hawa wanaofikiria data iwe na umbo gani, na wale wenye saa mkononi wanaohesabu milisekunde. Codd aliahidi kitu, lakini deni la ahadi hiyo lilibidi lilipwe na wenye saa mkononi. IBM yenyewe haikuwa na haraka ya kulilipa, maana IMS ilikuwa inaingiza pesa. Hata hivyo, pale pale San Jose kikundi kikaanza kujenga mfumo wa majaribio ulioitwa System R. Wakati huo huo, safari fupi tu kutoka hapo, Michael Stonebraker na Eugene Wong wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa wanajenga wa kwao, Ingres.

Mwaka 1975 maabara ya San Jose ilimwajiri Patricia Selinger, ametoka kumaliza udaktari wake Harvard. Mwaka 1979 yeye na wenzake wanne, Chamberlin akiwemo, walichapisha makala kuhusu jinsi System R inavyochagua njia. Huyo ndiye mpangaji wangu. Hiyo ndiyo hati yake ya kuzaliwa.

Mfano wanaoutumia ni huu: nipe jina, mshahara, cheo na idara ya kila mfanyakazi ambaye ni karani na idara yake iko Denver. Kuna majedwali matatu: wafanyakazi, idara, kazi. Unaanzia wapi? Unaweza kuanza na kazi, utafute namba ya ukarani, kisha wafanyakazi wenye namba hiyo, kisha kila mmoja umwangalie idara yake kama iko Denver. Unaweza kuanza na idara za Denver, uchukue wafanyakazi wake, kisha uwachuje makarani. Ipi ni nafuu? Inategemea kama kampuni ina makarani wengi au idara nyingi Denver, na kama kuna faharasa mahali panapofaa.

Hiyo faharasa nayo ina historia yake. Rudolf Bayer na Edward McCreight wa Boeing walitafuta namna ya kuifanya ibaki fupi hata data zikiongezeka, wakaja na mti wao unaoitwa B, uliochapishwa 1972. Kila ukurasa wa mti huo, yaani kipande kinachosomwa kwa mkupuo mmoja, hubeba vielekezi vingi, tuseme mia mbili, kwa hiyo kwa hatua tatu tu umeshaweza kufika kwenye mstari mmoja kati ya milioni nane. Hiyo B ina maana gani, wenyewe hawakusema, na watu wamebaki wakikisia.

Majedwali matatu yana mifuatano sita. Hiyo unaijaribu yote. Lakini majedwali kumi yana mifuatano 3,628,800, na kwa kila mmoja kuna njia kadhaa za kusoma na kuunganisha. Ukiijaribu yote, kuchagua njia kutakula muda kuliko safari yenyewe. Ujanja wa kina Selinger ulikuwa kuona kwamba ukishaunganisha wafanyakazi na idara, hatua ya tatu haijali nani alitangulia kati ya wale wawili. Kwa hiyo kwa kila kundi la majedwali, weka njia iliyo nafuu kuliko zote na uzitupe nyingine. (Huweka na ya akiba pale ambapo mistari imeshatoka ikiwa imepangwa kwa mpangilio utakaofaa mbele.) Kwa majedwali kumi unashughulika na makundi yasiyozidi 1,024. Kutoka milioni tatu na ushee hadi elfu moja hivi: pengo kama hilo ndilo linaloamua kama kitu kitaishia kwenye makala au kitaingia dukani.

Na unafuu unaupimaje? Kwa bei. Kanuni yao ni fupi kiasi kwamba nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza: idadi ya kurasa zitakazoletwa kutoka kwenye diski, ujumlishe na idadi ya mistari itakayoshikwa mkononi, hii ya pili ikizidishwa kwa uzito fulani unaoweza kuurekebisha. Hata hiyo haikuja siku moja. Kwenye mfumo wao wa mwanzo kabisa walihesabu mistari peke yake, wakajifunza kwa maumivu kwamba gharama halisi iko kwenye safari za diski na jasho la prosesa.

Sasa kuzijua hizo kurasa na mistari kabla hujaenda, unahitaji takwimu. Jedwali lina mistari mingapi, limekalia kurasa ngapi, faharasa ina thamani tofauti ngapi. Ukiwa nazo, unakadiria. Ukiwa huna, unabahatisha, na makala inakiri waziwazi inabahatisha vipi. Sharti la aina ya "safu hii ni sawa na kitu fulani", bila faharasa: chukulia litapitisha sehemu moja ya kumi ya mistari. Sharti la "kati ya hiki na kile": robo. Sharti la "zaidi ya kitu fulani": theluthi moja.

Kwa nini theluthi? Nilisoma maelezo yao nikacheka peke yangu kwenye daladala. Wanasema namba hiyo haina maana yoyote ya pekee, ila kwamba inapitisha mistari mingi kuliko kubahatisha kwa "sawa na", na kwamba iko chini ya nusu, maana wanahisi ni maswali machache yanayotaka zaidi ya nusu ya jedwali. Basi. Makala ambayo imezaa karibu kila mpangaji aliyepo duniani inasema hadharani: hapa tumekisia, na tumekisia hivi kwa sababu hii.

Lakini sentensi iliyonifanya niiweke simu mapajani na kutazama dirishani ilikuwa nyingine, ile kuhusu takwimu zenyewe. Walieleza kwamba hazisasishwi kila mstari unapoingizwa, kufutwa au kubadilishwa. Zingesasishwa hivyo, kila anayeandika kitu angelazimika pia kwenda kwenye jedwali kuu la orodha kubadilisha hesabu, na wote wangejipanga foleni kwenye kufuli moja. Kwa hiyo husasishwa mara moja moja, kwa amri anayoitoa mtu.

Kumbe mashine haikusahau. Iliachwa isijue, kwa makusudi, kwa sababu kujua kila saa kungegharimu kasi.

Na hapa sina budi kusema lile ambalo sikumwambia bosi. Kanzidata za siku hizi zina kibarua anayepita pita kusasisha takwimu mwenyewe, bila kuamrishwa. Ya kwetu ilikuwa naye. Miezi minne kabla, watu wa huduma kwa wateja walilalamika kwamba mchana mfumo unakuwa mzito, mtu fulani akaona yule kibarua anafanya kazi saa za mchana, akamzima kwenye jedwali lile, akaahidi kumwasha usiku, akasahau. Mtu huyo ni mimi. Kabla ya kuwamwaga mawakala wa mikoa mipya, kipande kile cha jedwali kilikuwa na mistari mia tatu na kitu. Baada ya hapo kilikuwa na karibu laki nne. Mpangaji, kwa takwimu zake za zamani, aliamua jambo la busara kabisa: watu mia tatu tu, nitapiga hodi mlango kwa mlango, kila mmoja nimtafutie miamala yake. Kwa watu mia tatu, hiyo ndiyo njia. Akaanza kupiga hodi. Saa tano na nusu usiku alikuwa bado anapiga hodi.

Wiki iliyofuata bosi, kwa nia njema, aliagiza seva iongezewe memori. Nilijaribu kumweleza kwamba tatizo halikuwa memori, akaniangalia kama mtu anayekataa zawadi. Memori ikaja. Haikudhuru. Lakini imani kwamba zaidi ni kasi zaidi ilishapigwa pigo zuri mwaka 1969, na pigo lenyewe unaweza kulijaribu mezani kwako kwa vipande vya karatasi.

László Bélády, Mhungari aliyehama kwao baada ya 1956 na kuishia IBM New York, alikuwa anachunguza kompyuta zinazofanya kazi kwa kurasa: memori ni ndogo, kwa hiyo ukurasa ukihitajika na haupo, mmoja unatolewa kuupisha. Chukua karani mwenye meza ya kutosha mafaili matatu. Mengine yako stoo. Sheria yake ni moja: faili lililotangulia kufika mezani ndilo linalotangulia kurudishwa. Wateja wanaulizia mafaili kwa mfuatano huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Hesabu safari za stoo. Zinakuja tisa.

Sasa mnunulie meza kubwa, ya mafaili manne. Sheria ile ile, wateja wale wale. Mafaili manne ya kwanza, safari nne. Yanaombwa 1 na 2, yapo, raha mustarehe. Linakuja 5: linatoka 1, kwa kuwa ndilo la zamani. Anayefuata anataka nini? 1. Linaletwa, linatoka 2. Anayefuata anataka 2. Linaletwa, linatoka 3. Anayefuata anataka 3. Unaona kinachoendelea: kila faili linaondoka hatua moja kabla ya kuulizwa. Safari za stoo zinakuwa kumi. Meza imekua, na karani anatembea zaidi.

Bélády na wenzake wawili waliona hili likitokea, wakalichapisha, na hadi leo linabeba jina lake. Kosa linatoka kwenye sheria ya "wa kwanza kuja, wa kwanza kutoka", ambayo haiangalii nani anatumika. Ukitoa lile lililokaa muda mrefu bila kuguswa, meza kubwa haikuadhibu kamwe. Nilimwonyesha bosi kwa risiti tano za mafuta ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua risiti zake.

Katika utafiti wote wa kasi wa enzi hizo, ninaoupenda zaidi ni mmoja wa 1965. Allan Scherr wa chuo cha MIT, Marekani, aliupima mfumo wa kugawana kompyuta uliokuwa hapo, watu wengi wakitumia IBM 7094 moja. Badala ya kutengeneza modeli mpya ngumu, aliazima ya viwandani: fundi mmoja na mashine nyingi zinazoharibika kwa nyakati tofauti. Mtu anayefikiri mbele ya kibodi ni mashine nzima. Akibonyeza na kusubiri jibu ameharibika. Kompyuta ni fundi. Modeli hiyo ya kitoto ilikisia muda wa kusubiri kwa usahihi mzuri. Naipenda kwa sababu inamgeuza mtumiaji kuwa ndiye kifaa kibovu, na mtu yeyote aliyewahi kukaa dawati la msaada atanielewa.

System R iliwekwa kwa mteja wa kwanza, Pratt & Whitney, mwaka 1977. Oracle ya Larry Ellison na wenzake, waliosoma makala za IBM zilizochapishwa hadharani, iliingia sokoni 1979, kabla IBM haijauza mfumo wake wa SQL. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981 na akafariki 2003. Haya yanajulikana, siyarefushi.

Nyumbani ninatumia kanzidata ya PostgreSQL kwa miradi yangu midogo. Huyu ni mjukuu wa Ingres, wa upande wa Berkeley, siyo wa San Jose. Stonebraker aliianzisha Postgres baada ya Ingres, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Jumamosi moja mvua ilikuwa inanyesha, umeme upo, nikaamua kutafuta mpangaji wake anafanya nini akikutana na sharti la "zaidi ya" na hana takwimu za kumsaidia. Nilifungua faili moja, kisha lingine, kisha lile la makadirio. Pale juu, kwenye orodha ya namba za kuanzia, ipo: 0.333 na tatu nyingine zinazoendelea mpaka mwisho wa mstari.

Nikaipiga picha skrini nikamtumia dada. Zilipita kama dakika kumi. Kisha akajibu:

"Leo tarehe ngapi?"

Ilikuwa thelathini. Nikachukua funguo za ofisi.